Kengele ya Kiti cha Nyuma

Somo la redio kwa madarasa ya elimu ya watu wazima, Kata ya Salale, Wilaya ya Kibiti. Mwalimu wa darasa aandike maneno haya matano ubaoni kabla ya redio kufunguliwa, na wanafunzi wayasome pamoja mara mbili: MTOTO, KITI, MLANGO, KENGELE, KAGUA.

Natumaini mmeketi vizuri na kalamu ziko tayari. Mwenye redio aisogeze katikati, ili mama zetu walioketi nyuma na watoto wachanga nao wasikie. Leo hasa nataka wao wasikie.

Somo letu la leo ni juu ya gari. Najua kwamba mzee mmoja ameshaanza kucheka na kusema, "Afisa wetu leo amepotea njia. Sisi watu wa delta gari letu ni mtumbwi. Barabara yetu ni mto na mikoko. Nani hapa ana motokaa?"

Mzee wangu, neno lako ni la kweli. Lakini nakuuliza. Ukishuka kwenye boti pale Nyamisati, wapanda nini kwenda Bungu na Kibiti? Wapanda gari. Binti yako aliyeolewa Mbagala, mtoto wake huenda shule kwa nini? Wengi siku hizi huenda kwa gari la shule. Mwanao akipata kazi mjini na akabahatika kununua gari dogo, nani ataketi nyuma na mjukuu? Ni wewe, babu, au wewe, bibi. Basi somo hili ni letu sote. Mtoto aliyelala kiti cha nyuma hajui kama gari ni la baba yake au ni la kukodi.

JAMBO LILILONIPATA

Kwanza nitawaambia habari yangu mwenyewe. Si habari ya kujisifu, na kwa muda mrefu sikupenda kuisema.

Miaka michache iliyopita nilikuwa na gari dogo. Kila asubuhi nilikwenda nalo kazini peke yangu. Mwanangu alikuwa na miezi kumi, na kila siku alibaki nyumbani na bibi yake. Siku moja bibi yake aliamka na homa. Nikaambiwa, "Leo mpitishe mtoto kwa shangazi yake." Nikakubali. Nikamlaza mtoto kiti cha nyuma, nikamfunga mkanda, nikaondoka.

Njiani nilikuwa nikifikiri juu ya mkutano wa asubuhi ile. Mtoto akalala. Hakulia, hakukohoa. Nilipofika kwenye njia ya kwenda kwa shangazi, nilipaswa kukata kushoto. Mikono yangu haikukata. Ilikwenda moja kwa moja kama siku zote. Nikafika kazini, nikafunga mlango, nikaingia ndani.

Nilikuwa nimekwisha keti na kufungua daftari. Mwenzangu mmoja akaniuliza, kwa desturi tu ya kusalimiana, "Na mtoto hajambo?" Ndugu zangu, nilihisi damu imeniganda. Nilikimbia bila viatu. Nilimkuta mwanangu amelowa jasho kama aliyetolewa majini, uso umekuwa mwekundu, analia kwa sauti ndogo. Hazikuwa zimepita dakika kumi. Alipona. Lakini kama yule mwenzangu asingelikuwa mtu wa salamu, sijui leo ningezungumza nanyi juu ya nini.

Sikuwa mlevi siku ile. Sikuwa mzazi asiyempenda mtoto. Nilisahau. Ndiyo sababu nasema leo kwamba upendo peke yake si kinga ya kusahau.

KWA NINI MTU HUSAHAU MTOTO

Wengine watasema, "Mtu husahau kisu, husahau mwavuli. Mtoto hasahauliki." Mimi nami nilisema hivyo, kabla ya siku ile.

Huko Marekani yuko mtaalamu wa ubongo, Profesa David Diamond wa Chuo Kikuu cha South Florida. Yeye amechunguza jambo hili kwa miaka mingi. Afundisha kwamba ndani ya ubongo kuna kumbukumbu za namna nyingi, na mbili kati ya hizo zatuhusu leo. Ya kwanza ni kumbukumbu ya mazoea. Hii hutufanyia kazi bila sisi kufikiri. Ya pili ni kumbukumbu ya makusudi, yaani jambo jipya ulilokusudia kulifanya baadaye.

Tuchukue mfano wa kwetu. Mvuvi amezoea kila jioni kurudi kwa mkondo mmoja hadi bandari yake. Leo mkewe amemwambia, "Ukirudi, pitia kwa fundi cherehani ng'ambo ya pili uchukue nguo." Mvuvi amekubali. Lakini amechoka, anahesabu samaki kichwani, na kasia lajua njia. Kufumba na kufumbua amefika kwake, na nguo ziko kwa fundi. Mazoea yameyashinda makusudi.

Nguo zaweza kungoja hadi kesho. Mtoto hawezi.

Tazameni basi mambo yanayoleta hatari hii. Desturi ya siku imebadilika. Mtu amechoka au hakulala vizuri. Ana haraka au ana jambo moyoni. Na mtoto amelala kimya mahali asipoonekana. Mambo hayo yakikutana siku moja, hata mzazi mwema huweza kusahau. Marekani wanaweka hesabu ya vifo hivi tangu mwaka 1998, na watoto waliokufa kwa joto ndani ya magari wamepita 1,000. Kwa wastani ni watoto 37 hivi kila mwaka. Zaidi ya nusu yao walisahauliwa na mtu aliyekuwa akiwatunza.

JOTO NDANI YA GARI

Sasa tuulize: mtoto akiachwa garini, ni kitu gani kinachomuua? Ni joto.

Mwanga wa jua hupita kwenye vioo na kupiga viti na sehemu ya mbele ya gari. Vitu hivyo hupata moto. Hewa ya ndani nayo hupata moto, na haina pa kutokea. Gari lililofungwa juani ni kama sufuria iliyofunikwa.

Mwaka 2005 wataalamu wa Marekani walitoa matokeo ya majaribio yao. Waliliweka gari juani siku mbalimbali na kupima joto la ndani kwa muda wa saa moja. Waliona kwamba joto la ndani lilipanda kwa digrii 22 hivi juu ya joto la nje. Sehemu kubwa ya kupanda huko ilikuwa katika nusu saa ya kwanza. Tena walijaribu kuacha dirisha wazi kidogo. Haikusaidia sana.

Tufanye hesabu pamoja. Andikeni. Mchana wa kwetu pwani, joto la nje huweza kuwa digrii 31. Jumlisha 22. Jibu ni ngapi? Ni 53. Na mwili wa binadamu mwenye afya ni digrii 37 hivi. Ukifika 40, mtu yumo hatarini.

Mtoto mdogo si mtu mzima aliyepunguzwa ukubwa. Mwili wake hupata joto upesi zaidi, mara tatu hadi mara tano kuliko wa mtu mzima. Hawezi kufungua mlango. Hawezi kujifungua mkanda. Pengine hata kusema hawezi. Basi msiseme, "Naingia dukani mara moja tu, nitarudi." Ile mara moja ina foleni, ina salamu, ina chenji ya kungojewa.

KENGELE IFANYAVYO KAZI

Ndipo watengenezaji wa magari walipofikiri kutengeneza kitu cha kumkumbusha dereva. Mwaka 2016 kampuni ya General Motors ya Marekani ilitoa kikumbusho cha kiti cha nyuma katika gari liitwalo GMC Acadia. Mwaka uliofuata kampuni ya Nissan nayo ilitangaza chake. Huko Nissan kilibuniwa na wahandisi wawili wanawake, wote ni mama wa watoto: Elsa Foley na Marlene Mendoza. Habari yake yapendeza kuijua. Siku moja Mendoza alisahau sinia la chakula kiti cha nyuma, likalala humo usiku kucha. Gari likanuka. Naye akajiuliza: je, kama kingekuwa kitu kingine? Sisi watu wa kamba na samaki twaijua harufu ya kapu lililosahauliwa. Lakini wangapi kati yetu tumejiuliza swali lile?

Sasa sikilizeni kengele hii ifanyavyo kazi. Nitasema polepole, hatua kwa hatua.

Hatua ya kwanza. Dereva afungua mlango wa nyuma, aweka mtoto au mzigo, kisha afunga mlango. Gari laandika moyoni mwake: mlango wa nyuma umefunguliwa.

Hatua ya pili. Dereva awasha injini na kwenda safari yake.

Hatua ya tatu. Afika na kuzima injini. Hapo kengele yalia ndani ya gari, ti, ti, ti. Na mbele ya dereva hutokea maandishi yenye maana hii: Tazama kiti cha nyuma.

Hatua ya nne. Hii ni katika baadhi ya magari tu, kama yale ya Nissan. Dereva akitoka bila kufungua mlango wa nyuma, gari hupiga honi. Maana yake: rudi, hujakagua.

Mmeelewa? Basi nawauliza swali. Je, gari hili limemwona mtoto? Fikirini kidogo kabla hamjajibu.

Jibu ni hapana. Gari halikumwona mtoto. Gari limekumbuka mlango. Hili ndilo jambo kubwa la somo letu, na asiyelijua aweza kudhurika na kengele badala ya kusaidiwa nayo. Kengele ya namna hii yakumbuka mlango, haimkumbuki mtoto.

Tuone mfano. Mama apanda gari Nyamisati pamoja na ndugu yake anayeendesha. Wamlaza mtoto nyuma, nao wote wawili waketi mbele. Wafika Bungu, waingia sheli kutia mafuta. Dereva azima injini. Kengele yalia, ti, ti, ti. Wageuka, wamwona mtoto amelala salama. Vizuri. Walipa, wawasha injini, waendelea. Mlango wa nyuma haukufunguliwa tena. Wafika Kibiti, wazima injini. Je, kengele italia? Katika magari mengi ya namna hii haitalia. Gari limeshatoa kikumbusho chake pale Bungu, na tangu hapo halikuona mlango wa nyuma ukifunguliwa. Laona safari mpya isiyo na mtu nyuma. Na mtoto bado yumo.

Tena, kengele yaweza kulia bure. Ukiweka kapu la vitunguu nyuma, italia. Ikilia kila siku kwa ajili ya vitunguu, sikio huizoea, kama tulivyozoea makelele ya injini ya boti. Siku italia kwa ajili ya mtoto, nawe utadhani ni vitunguu. Wengine huchoka nayo na kuizima kabisa.

Tena, mtoto akipitishwa kutoka kiti cha mbele kwenda nyuma, mlango wa nyuma haukufunguliwa. Kengele haina habari.

Tena, watoto hupenda kucheza. Gari limeegeshwa uani bila kufungwa, mtoto akaingia mwenyewe na mlango ukamgandia. Kengele ya mlango haimsaidii huyo, maana hakuna aliyekuwa akiendesha. Marekani, kama robo ya vifo hivyo ni vya watoto walioingia wenyewe. Kwa hiyo gari lililoegeshwa kijijini lifungwe, na ufunguo uwekwe mbali na watoto.

Siku hizi kumetokea vifaa vya namna ya pili, vinavyojaribu kumtambua mtoto mwenyewe. Vingine hutoa sauti ambayo sikio la mtu haliisikii, kama afanyavyo popo gizani. Sauti ile hupiga kitu na kurudi, na gari likajua kwamba nyuma kuna kitu kinachojongea. Vingine hutumia rada, na huweza kuhisi hata kifua cha mtoto mchanga kikipanda na kushuka kwa pumzi. Hivyo ni bora zaidi. Hata hivyo ni vya magari mapya.

Nasi twajua magari yetu. Mengi yaliyo barabarani hapa nchini ni IST, Noah, Probox na Hiace zilizotumika Japani miaka mingi kabla ya kuletwa kwetu. Mengi kati ya hayo hayana kengele yoyote ya kiti cha nyuma. Na lile lililo na maandishi mbele ya dereva, pengine maandishi yenyewe ni ya Kijapani. Basi ukipanda gari, usidhani lina mlinzi. Mlinzi ni wewe.

HABARI ZA MAGARI YA SHULE

Magari ya watoto wa shule yana habari zake, na ni za kusikitisha.

Mwezi wa Julai mwaka 2018, huko Korea ya Kusini, katika mji wa Dongducheon, mtoto wa kike wa miaka minne aliachwa ndani ya gari la shule ya watoto. Alikutwa baada ya saa saba hivi, amekwisha kufa. Wananchi waliona uchungu mkubwa. Mwaka 2019 sheria ikaanza kutaka magari ya watoto yawekwe kitufe nyuma kabisa. Dereva akizima injini, sharti atembee hadi nyuma akibonyeze. Asipokwenda, king'ora hulia.

Ona akili ya jambo hili. Kitufe chenyewe hakitambui mtoto. Lakini chamlazimisha dereva kupita viti vyote kwa miguu yake, na macho yake yapite pia. Mtoto aliyelala chini ya kiti ataonekana.

Mwezi wa Septemba mwaka 2022, huko Japani, katika mji wa Makinohara, mtoto wa miaka mitatu aliachwa ndani ya basi la shule kwa saa tano hivi. Siku ile dereva wa kawaida hakuwapo. Mtu mwingine alishika usukani mahali pake. Walipomkuta mtoto, chupa yake ya maji ilikuwa tupu. Alikunywa yote, akingoja watu wazima waje. Kuanzia Aprili mwaka 2023, Japani nayo ikaamuru mabasi ya watoto yawekewe vifaa vya kuzuia jambo hilo. Mwezi ule ule wa Septemba 2022, huko Qatar, mtoto wa miaka minne alikufa vivyo hivyo ndani ya gari la shule.

Nimesema siku ile Japani dereva wa kawaida hakuwapo. Na siku yangu mimi, bibi mtu alikuwa na homa. Mnaona? Hatari huja siku ambayo desturi imebadilika. Siku kama hiyo ndiyo ya kuwa macho mara mbili.

KENGELE TUNAYOIWEZA SISI

Sasa tuje kwenye kazi. Hatuna rada, na magari yetu mengi hayana kengele. Tufanye nini? Tufanye mazoea mapya, ili mazoea yaliyo adui yageuke kuwa rafiki. Nitataja mambo matano.

La kwanza. Kila unaposhuka garini, fungua mlango wa nyuma utazame. Si siku ya mtoto peke yake. Kila siku, hata ukijua hakuna mtu. Ukifanya hivyo kila siku, mkono utazoea. Na siku akili itakaposahau, mkono utakumbuka.

La pili. Unapomweka mtoto nyuma, weka nyuma pia kitu usichoweza kufanya kazi bila hicho. Weka simu, au mkoba, au kiatu chako kimoja cha kushoto. Hakuna mtu atakayeingia ofisini na kiatu kimoja.

La tatu. Weka mapatano na anayempokea mtoto. Shangazi aambiwe, "Nitamleta saa moja na nusu asubuhi. Usiponiona, nipigie simu, na nisipopokea piga tena." Mwalimu naye, mtoto asipofika shuleni bila taarifa, ampigie mzazi upesi. Siku ile yangu, shangazi hakuwa amepewa habari. Kosa hilo lilikuwa langu.

La nne. Katika gari la abiria au la shule, mtu mmoja awe na kazi ya kuhesabu. Nahodha wetu wa boti huhesabu watu wakati wa kupanda na wakati wa kushuka. Matroni na konda wafanye hivyo hivyo. Kumi na wanne wamepanda, kumi na wanne washuke. Wakishuka kumi na watatu, gari lisifungwe.

La tano, na hili lahitaji kalamu zenu. Chukua kipande cha boksi. Andika kwa herufi kubwa: NIMEKAGUA. HAKUNA MTOTO. Toboa tundu, tia kamba. Kibao hiki kikae mbele kwa dereva wakati wa safari. Safari ikiisha, dereva akichukue, atembee hadi nyuma, akitundike kwenye kioo cha nyuma. Asiyeona kibao kwenye kioo ajue kwamba gari halijakaguliwa. Hicho ndicho kitufe cha Korea, nacho kimetengenezwa kwa boksi na wino.

Mzee aliyecheka mwanzoni, nadhani sasa ameona. Aliyejua kusoma na kuandika juzi tu, leo aweza kuandika kibao kitakachookoa mtoto.

UKIMKUTA MTOTO AMEFUNGIWA

Ukipita ukaona mtoto peke yake ndani ya gari lililofungwa, usiseme, "Si langu." Jaribu milango yote. Piga kelele, mwite mwenye gari. Mtu mwingine apige simu 112 kwa polisi, au 114 kwa zimamoto. Ukiona mtoto amelegea, haitiki, au ngozi inawaka moto, usingoje ufunguo. Vunja kioo kilicho mbali naye. Kioo hununuliwa.

Ukimtoa, mpeleke kivulini. Mvue nguo nzito. Mmwagie au mpanguse maji ya kawaida mwili mzima, na mpepee. Akiwa macho na aweza kumeza, mpe maji kidogo kidogo. Akiwa hana fahamu usimtie kitu mdomoni. Mkimbizeni zahanati au hospitali bila kuchelewa, hata kama aonekana amepata nafuu.

Na ukimkuta mzazi wa mtoto huyo analia, usimtukane. Msaidie kwanza. Mimi nilikuwa mzazi huyo.

ZOEZI LA KUANDIKA

Mwalimu wa darasa asome polepole, nanyi mwandike:

Kengele hukumbuka mlango. Mimi namkumbuka mtoto. Kila siku nafungua mlango wa nyuma. Natazama kiti. Naukagua mkeka wa chini. Kisha nafunga gari.

Baada ya kuandika, kila kikundi cha watu wanne kitengeneze kibao kimoja cha boksi. Kipelekeni kwa dereva mmoja mnayemfahamu, wa Nyamisati, wa Bungu au wa Kibiti. Mwelezeni kazi yake kwa maneno yenu wenyewe.

MASWALI YA MAZUNGUMZO

1. Kwa nini mtu ampendaye mtoto wake aweza kumsahau garini? Toeni mfano wa jambo mlilokusudia mkalisahau kwa ajili ya mazoea.

2. Nje joto ni digrii 29. Ndani ya gari limepanda kwa digrii 22. Ndani ni digrii ngapi?

3. Katika mfano wa safari ya Nyamisati, Bungu na Kibiti, kwa nini kengele haikulia Kibiti?

4. Katika kijiji chenu, gari huegeshwa wapi? Je, watoto huweza kuliingia?

5. Nani huhesabu abiria katika boti mnazopanda? Nani huwahesabu katika gari?

Ndugu zangu, wakati wetu umekwisha. Wiki ijayo, kama kawaida, kila kikundi kije na jibu moja: dereva alisema nini alipopewa kibao? Waliokubaliwa waseme, na waliochekwa pia waseme, maana nitapenda kusikia sababu za waliocheka.

Na jioni ya leo, aliye na mtoto amwangalie mahali alipolala. Kisha azime redio. Kwaherini, na salaam kwa wote walioko nyumbani.